Jinsi ya kuandaa jioni ya Tom and Jerry nyumbani kama tulivyoangalia zamani

Hii nawaandikia tuliokulia Dar miaka ya 90 mwishoni na 2000 mwanzoni, ambao sasa tuna watoto wetu au wa ndugu zetu, na kila siku tunawaona wanaangalia katuni kwenye simu, kila mtu na yake, kainamisha shingo, kimya, hata kucheka hacheki. Mimi jambo hilo lilikuwa linaniuma. Nikaamua kukusanya ndugu kwa mama, huko Tandika, wadogo zangu 2, watoto jumla 6 na mama mwenyewe, tukaangalia Tom and Jerry, katuni za paka Tom na panya Jerry, zile za zamani, jioni nzima, na mama alicheka mpaka akawa anafuta machozi na kanga. Mpaka sasa tumeshafanya mara 4. Ya kwanza haikwenda vizuri, picha ilikuwa mbaya na watoto walichoka mapema, zilizofuata zikawa nzuri kwasababu nilishajua nilipokosea, na ndo nataka nikuelekeze.

Kabla hujagusa rimoti jiulize kwanza tulikuwa tunapenda nini pale. Mimi jibu langu ni kwamba Tom na Jerry hawaongei. Nyumba ya jirani yetu ndo ilikuwa na TV, inchi 14, ya chogo, inafunikwa kitambaa cha kufuma, sisi tunakaa chini kwenye mkeka watoto 10 na kitu, ndala zote mlangoni, wengine wamesimama nje dirishani wameshika nondo, na bibi wa nyumba ile ambaye alikuwa hajui kiingereza hata cha salamu alikuwa anacheka sekunde ile ile tunayocheka sisi. Filamu nyingine zote lazima awepo mkubwa wa kutafsiri, "hapo anamwambia nirudishie hela zangu", lakini Tom akikanyaga reki mpini ukamjia usoni nani anahitaji kutafsiriwa? Kwa hiyo shika hilo kabla ya yote, usitafsiri, usielezee, na watu wote waangalie skrini moja kwa wakati mmoja.

Sasa kuchagua. Hapa ndo wengi wanapoharibu, mtu anaandika jina tu anachukua ya kwanza inayotokea, kumbe Tom and Jerry ziko za vipindi tofauti kabisa, akiweka ambayo sio yenyewe anabaki anasema mbona zamani ilikuwa inachekesha. Zile zetu, zenye nyumba kubwa na mbwa Spike na muziki wa vyombo vingi, walizitengeneza William Hanna na Joseph Barbera kwenye studio ya MGM huko Marekani kuanzia 1940 mpaka 1958, ziko 114. Ya kwanza kabisa ilitoka Februari 1940 na humo paka haitwi hata Tom, anaitwa Jasper. Zilikuwa za majumba ya sinema sio za TV, zinawekwa kabla ya filamu kubwa, ndo maana zilichorwa kwa pesa na kwa muda, na 7 kati yake zilichukua tuzo ya Oscar. Baada ya hapo zikaja 13 za Gene Deitch zilizotengenezwa Prague, zikatoka 1961 na 1962, zile sauti zake zina mwangwi kama mtu yuko ndani ya pipa, halafu 34 za Chuck Jones kuanzia 1963 mpaka 1967, humo Tom ana nyusi nene. Kuna na za 1975 ambazo wamewafanya marafiki, Jerry kavaa tai ya kipepeo, hizo usiweke kabisa kama unataka jioni yetu, maana bila kukimbizana hamna kitu pale.

Namna ya kuzijua haraka ni mwanzo wake. Simba ananguruma, yanakuja maandishi, ukiona jina Fred Quimby uko salama. Mtaani kwetu hatukuwa tunajua kusoma kiingereza lakini lile jina tulilijua kwa umbo lake, likitokea tu tunapiga makofi. Huyo Quimby alikuwa prodyuza, akastaafu 1955, na yeye ndo alikuwa anapanda kupokea zile tuzo wakati Hanna na Barbera waliozitunga na kuziongoza hawaitwi, jambo ambalo mpaka leo naona halikuwa haki. Ukiona simba ananguruma halafu sehemu yake anatokea Tom analia nyau, hizo ni za Chuck Jones, sio mbaya ila sio zetu.

Kila moja ina dakika kama 7. Mimi napanga 6 tu, tunaanza baada ya swala ya magharibi tunamaliza kabla ya isha, na hapo watoto bado wanataka zaidi, ambavyo ndo inavyotakiwa. Anza na The Bodyguard ya 1944, ile Jerry anamuokoa Spike kwenye gari la kukamata mbwa, halafu Spike anamwambia ukiwa na shida piga mluzi tu. Hiyo inawashika watoto mara moja kwasababu wanaelewa mchezo ndani ya dakika 1, Jerry akipiga mluzi Tom anakula kipigo, mpaka Tom anapompa bigijii na mluzi hautoki tena. Angalia nyuso za watoto hapo. Wa kwetu wote walijaribu kupiga mluzi kwa pamoja ili wamsaidie Jerry, hata yule wa miaka 4 ambaye mluzi wenyewe hajui anapuliza upepo tu.

Ya pili weka Mouse Trouble ya mwaka huo huo, Tom anasoma kitabu cha kukamata panya na kila anachofuata kinamgeukia mwenyewe. Katikati weka The Cat Concerto ya 1947. Hiyo nakuomba usiikose. Tom kavaa suti anapiga piano muziki wa mtunzi Liszt mbele ya watu, Jerry amelala ndani ya piano anaamshwa na vile vinyundo vinavyogonga nyaya, na kuanzia hapo wanagombana huku muziki haukatiki hata mara moja. Mama yangu ndo aliniambia nirudie pale Jerry anapotupwa juu chini na vinyundo. Ya mwisho chagua unayoikumbuka wewe mwenyewe zaidi.

Kuna 2 usiwawekee wadogo usiku. Heavenly Puss ya 1949, Tom anaangukiwa na piano anakufa, anafika kituo cha treni ya kwenda mbinguni, anaambiwa bila saini ya Jerry ya kumsamehe anaingia kwenye chungu cha moto. Mimi nilipoiona nikiwa na miaka 7 sikulala vizuri siku hiyo. Na Blue Cat Blues ya 1956 ambayo ni ya huzuni toka mwanzo, wote wawili wanaishia wamekaa kwenye reli wanasubiri treni. Hiyo waangalie wakubwa wenyewe watoto wakishalala.

Jambo lingine lazima uwe umejiandaa nalo. Yule mama wa kwenye katuni tuliyekuwa tunaona miguu yake tu na slipa, amechorwa kwa dharau, ni namna Wamarekani weupe wa wakati ule walivyokuwa wanawachora wanawake weusi, mtumishi wa jikoni, mnene, mkali, anaongea kiingereza cha kuchekwa. Kuna na vipande ambavyo bomu likilipuka uso wa Tom unakuwa mweusi na midomo mikubwa. Tulipokuwa wadogo tulimpenda yule mama, tulimuona kama mama yeyote wa mtaani anayefukuza paka na fagio, lakini sasa nimeshajua na siwezi kunyamaza. Hizo zenye uso mweusi naziondoa kabisa. Za yule mama nikiweka namwambia binti yangu mkubwa, ana miaka 11, waziwazi kwamba huyu alichorwa hivi na watu waliokuwa hawatuheshimu. Alisikiliza, akauliza kwanini hawakuonyesha sura yake, tukaongea. Hayo maongezi fanya kabla au baada, sio katikati ya katuni.

Twende kwenye picha, maana hapa ndo mimi niliharibu mara ya kwanza. Katuni hizi nyingi zimechorwa kwa skrini ya karibu mraba, zile TV zetu za chogo zilikuwa umbo hilo hilo, sasa hizi TV bapa za leo ni pana, na TV yenyewe inaivuta picha ijae, Tom anakuwa mnene mfupi kama kiroba, au inakata juu na chini, Jerry akipita sakafuni unamuona masikio tu. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta ukubwa wa picha, weka 4:3. Utapata weusi pembeni kushoto na kulia, uache, watoto wanasahau baada ya dakika 2. Ila za kuanzia 1954 kuja mbele kuna zilizochorwa kwa skrini pana kabisa, hizo ukilazimisha 4:3 unazibana, zirudishie kawaida. Humo humo kwenye menyu tafuta sehemu inayolainisha mwendo wa picha, kila kampuni ina jina lake, zima. Filamu zile zinakwenda picha 24 kwa sekunde, TV ikianza kujitungia picha za katikati mchoro unateleza kama una mafuta na kile kishindo cha Tom kugonga ukuta kinapotea.

Kama kwenu bado kuna TV ya chogo inayowaka, itumie hiyo, nakwambia ukweli ni raha nyingine. Antena haikusaidii maana Dar walizima mitambo ya analojia toka 31 Desemba 2012, lakini nyuma ina matundu ya AV, chukua deki ya DVD na waya wa rangi 3, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Tulioanza na antena tunajua, mtu 1 yuko nje anazungusha mwanzi, mwingine dirishani anapokea taarifa, wa tatu ndani anaangalia chenga anapiga kelele "hapohapooo, umepitiliza, rudisha kidogo!". Na kumbuka huku Bara TV zenyewe zimeanza 1994, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 70, kwa hiyo baba na mama zetu wengi waliiona katuni kwa mara ya kwanza mwaka mmoja na sisi, wakubwa na wadogo tulikuwa wageni pamoja.

Sauti ipe heshima yake. Kwasababu hawaongei, muziki ndo unaoongea. Scott Bradley alikuwa anautunga kwa kufuata hatua za wale wanyama, Jerry akinyata kuna chombo kinanyata naye, Tom akishuka ngazi muziki unashuka. Na ule ukelele wa Tom tuliokuwa tunauiga ni sauti ya Hanna mwenyewe. Spika za TV bapa ni dhaifu, kwa hiyo unganisha sabufa, lakini besi punguza mpaka karibu na sifuri. Sabufa nyingi za huku zimesetiwa kwa singeli, ukiacha hivyo utasikia kishindo tu, vile vinanda na tarumbeta vyote vinamezwa.

Kupata katuni zenyewe, DVD halali ndo bora zaidi maana mwanzo na mwisho wake haujakatwa. Ukitumia YouTube nenda chaneli rasmi ya WB Kids, ila nyingi pale ni vipande vimeunganishwa, muziki wa hiki unakatwa unaingia wa kile, kwa hiyo chagua mapema na usiwe unatafuta watu wameshakaa. Bando nunua la kutosha, ubora weka 480, kwa katuni hizi inatosha kabisa. Umeme je? Mimi laptop inakuwa imejaa chaji pembeni na DVD moja iko ndani, ukikatika tunahamia humo, watoto wanasogeleana zaidi na hakuna anayelalamika.

Makochi sogeza ukutani, tandika mkeka, watoto chini mbele na wakubwa nyuma. Simu zote za wakubwa ziwekwe juu ya kabati, na hapo anza na ya kwako. Chakula kiwe cha mkononi kisichotaka kuangaliwa, sisi tunaweka mihogo ya kukaanga na kachumbari kwenye sinia 1, kachori, na barafu za ubuyu ambazo mama anagandisha toka asubuhi. Pilipili weka kwenye kibakuli mbali na wadogo, mtoto akijipaka machoni jioni imeisha. Kati ya katuni na katuni acha dakika 2 au 3 waigize walichoona, usiwanyamazishe, na mkubwa akiulizwa "zamani ulikuwa unaangalia wapi?" ajibu, hapo ndo mahali pa hadithi.

Ikifika ya mwisho zima wewe mwenyewe, usiache ijiendeshe kwenda nyingine. Kwa jirani yetu TV ikizimwa kitambaa kinarudishwa juu, ukikiona tu unajua tayari, unaenda kutafuta ndala zako mlangoni. Mimi nimemuomba mama kitambaa chake cha zamani cha kufuma, cheupe chenye ua katikati, nikizima nakining'iniza mbele ya skrini. Mara ya mwisho yule wa miaka 4 alinipokonya, akapanda kwenye stuli akakiweka yeye, kimepinda upande mmoja, tukakiacha hivyo hivyo.