Kusubu chubwi la robo kilo kwa kalibu ya engo

Anayevua kwa mshipi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu, anaijua shida hii. Unateremsha ndoana, unahesabu pima kumi na tano, lakini mshipi umelala mlazo na chambo kinaelea katikati ya maji. Samaki aina ya changu wako chini kabisa, wewe uko juu yao unahangaika na mkondo. Hapa Tanga wengi hufunga plagi kuukuu za pikipiki, nati za lori au jiwe. Vyote vinazama, ila vinakuwa vikubwa kwa uzito wake, na ukubwa ndio mkondo unaoushika. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.9 hivi, ya madini ya risasi ni gramu 11.3. Kwa hiyo chubwi (kizito cha mshipi) la risasi la robo kilo ni dogo kuliko nati ya uzito huohuo, na linakwenda chini wima.

Nasubu machubwi yangu mwenyewe na ya wenzangu wa ngalawani, yaani nayeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, chombo kinachoipa umbo. Kazi si ngumu, ila ina adui wawili: maji na vumbi. Maji yanakuumiza papo hapo. Vumbi linakuumiza polepole, na mara nyingi linaanza kwa watoto wako kabla ya kukufikia wewe. Karibu kila hatua hapa chini imewekwa kwa sababu ya mmoja wa hao wawili.

Hatua ya 1: Tafuta risasi, usitafute betri

Risasi nzuri ni ile ya mabomba ya kale, maganda ya nyaya nene za umeme za zamani, machubwi yaliyochakaa, na vile vizito vidogo ambavyo mafundi wa matairi hubandika kwenye ringi wakati wa kubalansi. Kwa hivyo vya ringi kuwa mwangalifu, kwa sababu siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Kwanza soma maandishi: Zn ni zinki, Fe ni chuma. Kama hayasomeki, kwaruza kwa ukucha. Risasi inaacha alama, zinki haiachi. Kisha idondoshe sakafuni. Risasi hutoa kishindo kifupi kilichokufa, zinki hulia kama sarafu.

Betri ya gari usiivunje, hata ukipewa bure. Ndani yake mna tindikali, na kile unachokiona kama risasi sehemu kubwa ni unga wenye sumu usioyeyuka vizuri kwenye jiko lako. Tumeshaona jirani zetu walivyoumia. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014 katikati ya makazi ya watu, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Damu ya mtoto haisafishwi na hundi. Betri iache.

Hatua ya 2: Kalibu

Nimejaribu kalibu za mbao, za plasta na za saruji. Mbao huungua na kufuka moshi, na baada ya machubwi kumi na tano umbo limekwisha. Plasta na saruji sizitaki tena kwa sababu zinaficha maji. Unaishika ni kavu, kumbe ndani bado ina unyevu, na risasi ya moto ndiyo itakayoutoa.

Ninayotumia sasa ni chuma cha engo, kile chenye umbo la L, cha milimita 25 kwa 25, unene milimita 3. Ukikilaza mgongo chini kinakuwa mfereji wenye umbo la V. Mwambie fundi wa kuchomelea akate kipande cha sentimita 10, azibe ncha mbili kwa vipande vya bati nene la chuma, na vipande hivyo viegemee nje kidogo ili chubwi litoke bila kung'ang'ania. Chini yake achomelee miguu miwili ili mfereji usimame sawasawa. Asitumie chuma chenye rangi ya fedha kilichopakwa zinki, maana kikipata moto hutoa moshi mbaya.

Hesabu yake ni rahisi. Upande wa ndani wa engo hiyo ni milimita 22, kwa hiyo mfereji ukijaa hadi ukingo, kila sentimita moja ya urefu inabeba risasi ya gramu 27 hivi. Sentimita 10 ni gramu 270. Ukiimimina ikabaki chini ya ukingo kidogo tu, unapata robo kilo yako. Ukitaka la nusu kilo, kata sentimita 18 na nusu.

Kwenye bati la ncha moja piga ufa mdogo kwa msumeno wa chuma, uupanue kwa tupa hadi waya upite ukiwa umebana. Hapo ndipo kitakapokaa kitanzi.

Hatua ya 3: Kitanzi

Chukua waya wa shaba wa umeme wa milimita za mraba 2.5, umenye ganda kwa kisu. Usilichome, moshi wa plastiki si wa kuvuta. Kunja vipande viwili pamoja, fanya jicho la kupitisha kidole kidogo, kisha sokota mkia wa sentimita 4 na uupinde mwishoni kama ndoana. Mkia ulionyooka huchomoka siku chubwi likinasa mwambani. Uliopindwa hauchomoki.

Hatua ya 4: Mahali na mavazi

Nje, uwanjani, upepo ukikupiga mgongoni ili moshi uende mbele yako. Si jikoni, si barazani, si chini ya makuti. Watoto na mama wajawazito wasiwepo kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima.

Vaa suruali ndefu iliyofunika viatu, viatu vya ngozi vilivyofungwa, shati la pamba la mikono mirefu, glovu za ngozi na miwani ya fundi. Barakoa iwe ile ya vichungi, ya kitambaa haizuii kitu. Sigara, tambuu na kikombe cha kahawa viache mbali, kwa sababu mkono ulioshika risasi ukienda mdomoni ndiyo njia fupi kuliko zote.

Hatua ya 5: Kuyeyusha

Sufuria ya alumini haifai. Alumini hulegea kwenye moto mkali wa mkaa, na risasi ni nzito: lita moja tu ni kilo 11 na zaidi. Sufuria ikitoboka, yote iko miguuni pako. Mimi natumia kipande cha bomba la chuma la inchi 4 lililochomelewa kitako na mpini, chenye kina cha sentimita 10. Kilo 3 za risasi hazifiki hata nusu yake, nazo zinatoa machubwi kumi na ziada kidogo. Chombo hiki na upawa wake havirudi kupikia kamwe. Mimi nimevipaka rangi nyekundu kwenye mpini ili mtu yeyote nyumbani asikosee.

Weka vipande vyote chomboni kingali baridi, ndipo uwashe mkaa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Kama umechanganya vizito vya ringi, simama hapo hapo usiongeze moto: zinki huhitaji nyuzi 419, hivyo itaelea juu ikiwa ngumu pamoja na vibanio vya chuma, nawe unaitoa kwa upawa. Ukiiachia iyeyuke, mchanganyiko wote unakuwa kama uji mzito na hauingii vizuri kwenye kalibu.

Kupima moto bila kipimajoto, chovya njiti kavu ya mti. Ikigeuka kahawia pole pole, uko pazuri. Ikifuka na kuwaka mara moja, punguza mkaa. Chombo chenyewe kisiwe chekundu hata kidogo, kwa sababu kadiri moto unavyozidi ndivyo mvuke wa risasi unavyopanda.

Sasa tupia nta kiasi cha punje ya mahindi. Itafuka, huenda ikashika moto kidogo, usishtuke. Koroga hadi chini, ukikwangua pembeni. Utaona ngozi ya kijivu iliyokuwa juu inarudi kuwa risasi, na takataka zinabaki kuwa unga mweusi. Engua unga huo kwa upawa taratibu na uutie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Huo unga ndio hatari kuliko risasi yenyewe, kwa sababu hupeperuka ukaingia puani. Usiumwage jalalani kuku wanapoparua.

Usiongeze kipande kipya kwenye risasi iliyokwisha yeyuka. Kama hakikwepeki, kitangulize kando ya jiko kipate joto dakika kumi, kisha kishushe kwa koleo.

Hatua ya 6: Kumimina

Pitisha kalibu juu ya koroboi hadi ndani iwe nyeusi kwa masizi. Masizi yanazuia risasi isigande kwenye chuma. Kisha iweke kando ya mkaa dakika kumi na tano hivi, hata kama unaona imekauka.

Hapa nieleze kilichonifunza. Ilikuwa masika, kalibu ililala ukumbini, nikaipangusa kwa kitambaa nikaona imetosha. Upawa wa kwanza ulipoingia nilisikia mlio kama wa kukaanga, halafu risasi ikaruka. Matone matatu yalitua juu ya mkono wangu wa kulia, pale glovu inapoishia, na alama zake zipo hadi leo. Tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na likiwa limefunikwa na risasi halina pa kwenda ila juu, usoni kwako. Tangu hapo hakuna kalibu yangu inayopokea risasi kabla haijapashwa moto, iwe kiangazi au masika. Na wingu likikusanyika kazi naifunga.

Weka kitanzi kwenye ufa, mkia ukiwa katikati ya mfereji. Mimina kwa mkondo mmoja mwembamba, bila kusita, kuanzia upande usio na kitanzi. Risasi itang'aa kama kioo, kisha uso utafifia ghafla kama pumzi juu ya kioo. Hapo imeganda juu, ndani bado. Hesabu hadi sitini, pindua kalibu juu ya ubao mkavu, gonga mgongo mara moja kwa kipande cha mti.

Chubwi la kwanza litakuwa na makunyanzi. Ni kalibu ambayo haijapata joto la kutosha. Lirudishe kwenye chombo kwa koleo lingali moto. La tatu au la nne litatoka laini. Uso ukianza kuwa na ukungu mweupe kama chumvi, kalibu imezidi joto, ipumzishe. Kabonde kadogo juu katikati hakana neno, risasi husinyaa inapopoa. Kupoza kwa ndoo ya maji usifanye karibu na jiko. Yaache machubwi yapoe yenyewe, hayana haraka.

Hatua ya 7: Kusafisha na kupaka

Kona kali ziondoe kwa kisu, si kwa tupa wala grainda, ili upate vipande vya kuokota na si vumbi. Chini panguse kwa kitambaa chenye maji, usifagie pakavu. Mikono na uso kwa sabuni kabla ya kushika chochote, nguo zifuliwe peke yake.

Kila chubwi nalipiga namba ya uzito kwa msumari, kisha nalichovya kwenye rangi ya mafuta mara mbili, siku mbili tofauti, likining'inia kwenye kamba ya nguo kwa kitanzi chake. Rangi inazuia vidole visiguse risasi kila unapofunga mshipi. Uingereza tangu 1987 wamepiga marufuku machubwi madogo ya risasi, yale yasiyofika gramu 29, kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakiyameza na kufa. Kwa hiyo madogo mimi sisubu kabisa. Na nikienda kwenye miamba inayonasa sana nafunga jiwe kwa uzi dhaifu. Likinasa linakatika peke yake, na ninachoacha baharini ni jiwe tu.