Moto umekula nyumba Marekani? Namna ya kuomba msaada FEMA

Hii ni kwa ndugu zetu walioko California na majimbo mengine yanayoungua kila mwaka, manake kila moto ukitokea maswali ni yaleyale kwenye magrupu ya WhatsApp, "hivi serikali inalipa?", na nusu ya majibu ni uongo mtupu.

Kwanza, FEMA (shirika la serikali kuu ya Marekani la kusaidia watu kwenye majanga) haikupi hela wewe mtu binafsi mpaka rais atangaze janga kubwa na eneo lenu liwemo. Moto wa Los Angeles ulianza tarehe 7 Januari 2025, kesho yake Biden, aliyekuwa rais wakati huo, akatangaza, basi watu wa kaunti ile wakaanza kuaplai. Kwa hiyo ukishakuwa salama angalia kama kaunti yako imetajwa halafu ingia disasterassistance.gov au piga 1-800-621-3362, na kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili, usimbebeshe mtoto wa darasa la nne kutafsiri mambo ya hela. Kawaida mnapewa siku 60 toka tangazo litoke. Kule LA (Los Angeles) waliongeza kutoka Machi 10 hadi Machi 31 ila usikae unategemea huruma hiyo.

Wanaoruhusiwa ni raia, wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Kama wazazi hamna makaratasi lakini mna mtoto chini ya miaka 18 ambaye ni raia na ana namba ya Social Security, mnaweza kuomba kwa jina lake. Na wapangaji jamani! Hapa ndo wengi wetu tunajitoa wenyewe, eti nyumba si yangu. Nyumba si yako lakini kitanda, nguo, masufuria na kompyuta ya shule ya mtoto ni vyako, na vyenyewe unaviombea msaada.

Mwenye bima afungue madai kwa kampuni yake mara moja, sababu FEMA hailipi kitu ambacho bima imeshakilipa. Ila usisubiri bima imalize ndo uaplai FEMA, aplai sasa hivi, barua ya bima utaituma baadaye.

Baada ya hapo pokea simu zote hata namba usizozijua, inawezekana ni inspekta wa FEMA anayekuja kukagua hasara. Akija atakuwa na kitambulisho na namba yako ya usajili ya tarakimu tisa, ile uliyopewa ulipoaplai, anayo tayari, kwa hiyo anayekuuliza namba hiyo au anayetaka hela ya "kuharakisha" ni tapeli, msaada wa FEMA hauna ada hata senti.

Sasa barua ya majibu kutoka FEMA. Ikisema hujakubaliwa usiitupe, isome yote, mara nyingi kuna karatasi tu inakosekana. Kwetu tatizo kubwa ni majina, mkataba wa nyumba umeandikwa Juma Hamisi, leseni inasema Hamisi Juma, bili ya umeme iko kwa jina la shemeji, kompyuta yao inaona watu watatu. Una siku 60 toka tarehe ya barua kukata rufaa. Tafuta bili ya maji au barua ya mwenye nyumba inayothibitisha uliishi pale, na kila ukurasa unaotuma uandike namba yako ya usajili pamoja na namba ya janga (moto wa LA ni DR-4856).

Hela yenyewe isikudanganye. Ile ya mahitaji ya haraka mwaka 2025 ilikuwa dola 770, na ya nyumba ilikuwa na kikomo cha dola 43,600, kwa bei za LA hiyo hujengi hata gereji. Ndo maana wanakutajia SBA, shirika la serikali la biashara ndogo ndogo linalotoa pia mikopo ya majanga, watu wakisikia jina wanadhani ni ya wenye maduka, kumbe hata mpangaji anaweza kukopa mpaka dola 100,000 kwa vitu vyake vilivyoungua. Ni mkopo lakini, utarudisha.

Majivu usiyafagie mwenyewe, yana sumu. Kule LA, EPA (shirika la serikali la mazingira) walitoa kwanza betri, rangi na kemikali, ndo kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kikabeba kifusi bure, ila kwa mwenye nyumba aliyesaini fomu ya kuwaruhusu waingie.

Na ukitafuta pa kupanga, sheria ya California wakati wa dharura inakataza kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 ya ilivyokuwa kabla. Ukiona tangazo limeruka bei lipige picha hapohapo kabla halijafutwa, upeleke kwa mwanasheria mkuu wa jimbo.