Kelone: ua la mwisho wa msimu kwa kona isiyokauka

Ile kona ya bustani inayobaki na majimaji, kando ya bwawa au pale maji ya paa yanapomwagikia, ndiyo makao ya kelone. Ni mmea wa kudumu, asili yake mashariki mwa Amerika Kaskazini, na huko huchanua kati ya Agosti na Oktoba, wakati maua mengine yanaelekea kwisha. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la kobe. Litazame ua kwa karibu: mdomo wa juu umeufunika wa chini kama kichwa cha kobe. Nyuki mkubwa mwenye manyoya huupanua mdomo huo kwa nguvu, akazama ndani mzima, ua likatikisika mpaka atoke kinyumenyume.

Kati ya aina zake, Chelone glabra (Chelone ni jina la kitaalamu la kelone) ina maua meupe. Chelone lyonii na Chelone obliqua ni za waridi. Kwa anayeanza tunapendekeza lyonii, kwa kuwa huvumilia udongo wa kawaida wa bustani kuliko glabra, mradi usikauke.

Chimba sentimita 30 kwenda chini, uchanganye tabaka la mboji la sentimita 5 hadi 8. Udongo wenye uchachu kidogo ndio mzuri. Panda miche kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60, shingo ya mmea, pale mashina yanapokutana na mizizi, ikiwa sawa na uso wa ardhi, halafu tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 bila kuyagusisha na shina. Jua la kutwa linafaa ikiwa udongo umelowa daima. Vinginevyo chagua kivuli cha mchana. Kivuli kizito hurefusha mashina yakalala.

Maji ndiyo kila kitu hapa. Ingiza kidole: ukikuta pakavu kwa kina cha sentimita 3, mwagilia siku hiyohiyo, tena chini kwenye shina. Karibu kila tatizo la kelone huanzia kwenye kiu. Kwanza kingo za majani hugeuka kahawia, kisha huja ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani, hasa mahali pasipopita hewa. Kata mashina machache ya katikati ili hewa ipite, na uongeze maji. Usijaribu kuuponya mmea dhaifu kwa mbolea nyingi ya naitrojeni; utapata mashina marefu yasiyojimudu.

Ukitaka kichaka kifupi kilichojaa, kata ncha mashina yakifika sentimita 25 hivi, juu tu ya jozi ya majani. Usichelewe, kwani machipukizi ya maua hutokea nchani na utayakata pamoja nazo.

Mbegu haziamki bila baridi. Zichanganye na mchanga mbichi, zifunge kwenye mfuko, uziweke kwenye friji, nyuzijoto 4 hivi, kwa wiki 6. Ndipo uzisie na kuzifunika kwa udongo kiduchu. Kugawa kichaka ni haraka zaidi: baridi ikiisha, chipukizi zikiwa na sentimita 5, kichimbue chote, kikate kwa jembe kali, kila kipande kibaki na chipukizi 3 hadi 5 na mizizi yake. Panda saa hiyohiyo. Mizizi ikikauka juani hata kidogo, kipande hicho kitachelewa msimu mzima.