Jinsi ya kubishania mkono wa poka mpaka mfike mahali

Ubishi wa poka unaujua, mtu anakuja kwa wenzake analia nilikuwa na ree mbili nikaliwa na jamaa ana saba mbili, basi kila mtu anaanza kupayuka, huyu "ungepandisha zaidi", yule "ungetupa mapema", na wote wameshajua jamaa alikuwa na nini kwa hiyo kila mtu profesa. Hapo hakuna anayejifunza kitu. Kubishania mkono kuna utaratibu wake na wala sio mgumu, na hapa naongelea Texas Hold'em ya bila kikomo (kila mtu ana karata mbili zake, tano zinafunuliwa mezani, na unaweza kubeti mzigo wote, yaani chipu zako zote) maana ndo inayochezwa na wengi.

La kwanza na ndo zito kuliko yote, anayesimulia AFICHE karata za mpinzani na asiseme aliliwa au alikula. Simulia mpaka pale ulipokwama, ishia hapo hapo, uliza "we ungefanyaje?". Kila mtu aseme jibu lake na sababu yake, ikiwezekana aandike kabisa, ndo mfunue. Ukisema matokeo mapema ubishi umekufa, maana kichwa cha binadamu kikishajua jibu kinatengeneza sababu za kulifikia.

Pili toa taarifa zote, na watu wengi hapa wanaficha bila kujua. Utamsikia mtu "nilikuwa na pea ya kumi, jamaa kapandisha, nifanyeje?" Sasa kaka tukujibuje? Una mzigo kiasi gani mbele yako? Kama una blaindi kubwa 15 (blaindi ni dau la lazima kabla ya karata kugawiwa) pea ya kumi mara nyingi unasukuma zote na unaenda kunywa maji, ukiwa na 150 unaweza kufuata tu kwa bei ndogo ukisubiri kumi ya tatu ianguke mezani. Karata zilezile, majibu mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo sema blaindi ni ngapi, mzigo wako na wa mpinzani, nani anacheza wa mwisho, na kila hatua poti, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, ilikuwa na kiasi gani kabla mtu hajabeti. Rangi za karata pia, shupaza, kopa, uru, pao, usiseme tu "kulikuwa na flashi flashi hivi" (flashi ni karata tano za rangi moja).

Tuchukue mkono maarufu tuuchambue, ule wa fainali ya World Series of Poker 2003 pale Las Vegas. Wamebaki wawili kati ya wachezaji 839, Chris Moneymaker mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia mashindano ya intaneti, na Sammy Farha, mzoefu wa siku nyingi. Farha ana kwini ya shupaza na tisa ya kopa. Moneymaker kapandisha mpaka chipu 100,000, Farha kafuata. Mezani zikaanguka tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, wote wakagonga meza, hakuna aliyebeti. Karata ya nne ikaja nane ya shupaza, Farha kabeti 300,000, Moneymaker kapandisha mpaka 800,000, Farha kalipa. Ya tano ni tatu ya kopa. Farha kagonga, Moneymaker kasukuma mzigo wote.

Ishia hapo. Kama hujui mwisho wake usiende kutafuta kwanza, kaa kwenye kiti cha Farha.

Swali la kwanza la mbishi mzuri sio "ana nini huyu?", ni "pea yangu ya tisa inashinda nini?" Jibu lake ni blafu basi, yaani mtu anayebeti hana kitu anatisha tu. Hakuna mtu mwenye akili anasukuma kila kitu na pea ndogo kuliko hiyo akitegemea alipwe. Kwa hiyo ubishi wote unakuwa wa hesabu, blafu ziko ngapi na karata za kweli ziko ngapi.

Halafu bei. Poti ilikuwa imefika kama milioni 1.8 na aliyotakiwa kulipa Farha ni zaidi ya poti. Mtu akibeti sawa na poti unahitaji kuwa sahihi mara moja kwenye tatu, akibeti nusu ya poti mara moja kwenye nne, akizidisha poti unahitaji zaidi ya theluthi. Fomula ni unacholipa gawanya kwa poti yote baada ya wewe kulipa. Poti elfu 6, kabeti elfu 3, unalipa 3 ndani ya 12, asilimia 25. Hii ijue kichwani, bila hii mnabishania hisia.

Sasa tuhesabu. Mezani kuna shupaza tatu, zimebaki kumi, na kumi zinatengeneza jozi 45 za flashi. Ila Farha kashika kwini ya shupaza, zinabaki tisa, na jozi zinashuka mpaka 36. Mmoja atasema "ona, flashi zimepungua, lipa!" Ngoja kidogo, kwini hiyohiyo inafuta pia blafu za mtu aliyebaki na kwini ya shupaza peke yake akisubiri flashi ikakataa. Blafu zinazobaki za maana ni mtu mwenye ree au kingi ya shupaza na karata nyingine ya ovyo. Hapo ndo ubishi unanoga, maana pande zote mbili zina hoja na zinaweza kuandikwa kwenye karatasi.

Halafu angalia kama hadithi inaungana. Flashi au streti (karata tano zinazofuatana) ingepandisha pale kwenye nane ya shupaza? Ndiyo, bila shida. Kwa hiyo Moneymaker anasimulia hadithi inayoaminika, na mimi binafsi naona kutupa kwa Farha hakukuwa uoga, ulikuwa uamuzi wa karibu sana. Alitupa. Moneymaker alikuwa na kingi ya shupaza na saba ya kopa, alikuwa anasubiri flashi na streti zote mbili zikagoma, blafu tupu. Baadaye akachukua ubingwa na dola milioni 2.5, Farha milioni 1.3. Na wale wanaosema "aliogopa pesa" wakumbuke mkibaki wawili hiyo 1.3 kila mmoja keshaipata, kinachogombewa ni tofauti tu.

Kuna hoja za kukataa palepale. "Nilihisi tu", sawa, ulihisi kutokana na nini? Kama jamaa huwa anabeti haraka akiwa na kitu sema hivyo, hiyo ni taarifa. Nyingine ni ya flashi, mtu ana karata nne za rangi moja kwenye flopu (zile tatu za kwanza mezani) anakwambia "nina asilimia 35". Hiyo 35 ni ukiona karata zote mbili zinazokuja, kama kuna uwezekano wa kubetiwa tena kwenye ya nne basi kwa karata moja una kama 19 hivi, na ubishi mwingi wa flashi chanzo chake ni hapo, huyu anatumia 35 yule 19 na hakuna anayemuuliza mwenzie.

Na mtu akileta jibu la solva (programu ya kompyuta inayopiga hesabu za poka), "kompyuta imesema foldi", yaani tupa, muulize kaingiza renji gani, yaani mpinzani anaweza kuwa na karata zipi. Solva inajibu kwa kile ulichoilisha, ukiiambia mpinzani anacheza kama bingwa wakati kwenye meza yenu yule mzee hajawahi kublafu tangu mmeanza kucheza naye, jibu lake halikuhusu. Kwa mzee huyo tupa pea ya tisa bila kupiga hesabu yoyote.

Mkikwama kabisa badilisheni kitu kimoja tu halafu muulizane upya. Ingekuwa kabeti nusu ya poti badala ya kuzidisha, Farha angelipa? Ingekuwa ana tisa na kwini ya uru badala ya shupaza? Mara nyingi utakuta mnakubaliana kwa asilimia kubwa na mnachogombania ni kimoja tu, kwamba huyu jamaa anablafu mara ngapi, na hicho hamtakimaliza mezani, chukueni daftari muanze kuandika kila anapoonyesha karata.