Kabla ya Kwenda Jamaika: Usidanganyike Kuhusu Bangi

Wengi hupanda ndege kwenda Jamaika wakiamini kwamba kule bangi ni ruksa. Si ruksa. Marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 15 Aprili 2015 yalipunguza makali tu: ukikutwa na wakia mbili au pungufu, yaani gramu 56 hivi, huwekwi ndani wala huandikiwi rekodi ya jinai, ila polisi anaweza kukupiga faini ya dola 500 za Jamaika, na una siku 30 za kuilipa. Ukizidisha, hiyo ni kesi ya mahakamani.

Jua pia pa kuvutia. Hadharani ni marufuku, kama ilivyo kwa sigara, hata kama umati mzima unavuta mbele ya macho yako. Hotelini uliza kwanza. Na kijana anayekufuata ufukweni na kifurushi mkononi bado anavunja sheria kwa kukuuzia. Halali ni maduka yenye leseni, na mgeni mwenye cheti cha daktari anaweza kuomba kibali cha kununua.

Sasa watu wenyewe, na hapa naomba uwe makini sana. Marasta waliteswa kwa ajili ya imani yao na jani hili. Mwaka 1963, baada ya ghasia za Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi na wanajeshi waliwasaka, wakawapiga, wakawafunga na kuwakata rasta zao. Serikali iliomba radhi mwaka 2017 tu, kwa kinywa cha Waziri Mkuu Andrew Holness. Kwa Marasta bangi ni ibada, na sheria ya 2015 imeitambua hivyo. Basi usimwendee kila mwenye rasta ukimuuliza bei; ni kumvunjia mtu heshima. Wala usidhani kisiwa kizima kinavuta: Jamaika ina makanisa kila kona, na kuna wazee wasiotaka hata kuisikia harufu yake nyumbani mwao.

Siku ya kurudi, kung'uta mifuko ya suruali, kagua begi hadi kwenye mishono, na kataa kumbebea mtu mzigo hata akikuapia ni kahawa. Kuitoa bangi nchini bila kibali ni kosa hukohuko Jamaika, na ukitua Nairobi au Dar es Salaam, ile nafuu ya wakia mbili haipo.