Somo: Kuotesha lotasi bwawani kuanzia mbegu

Habari za leo, ndugu zangu. Baada ya picha ya ua langu wiki iliyopita, wengi mmeniomba maelezo ya hatua kwa hatua, na haya hapa. Niko Tanga, joto lipo karibu mwaka mzima, na lotasi ni mmea wa joto.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Wengi wetu kila ua la majini tunaliita yungiyungi. Yungiyungi ni letu, lipo kwenye madimbwi ya Afrika tangu zamani, na aina moja ya buluu imepewa jina la Zanzibar na wataalamu wa mimea. Jani lake lina mpasuko kutoka ukingoni hadi kwenye kikonyo, na hulala juu ya maji. Lotasi asili yake ni Asia. Jani lake ni duara kamili, halina mpasuko, na mmea ukikomaa majani husimama juu ya maji. Ukilimwagia maji, yanajikusanya kuwa matone na kuteleza kama kwenye jani la magimbi. Kwa hiyo ukiuziwa "lotasi" yenye jani lililopasuka, hilo ni yungiyungi.

Hatua ya 1: Kusugua mbegu

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mbegu ya lotasi ni nyeusi, saizi ya njugu mawe, na gamba lake ni gumu kama kokoto. Ukiitumbukiza majini hivyo hivyo itakaa miezi bila kubadilika, kwa sababu maji hayaingii. Gamba hilo hilo ndilo linaloitunza: mwaka 1951 huko Chiba, Japani, mtaalamu wa mimea Ichirō Ōga alipata mbegu zilizofukiwa ardhini, zilizokadiriwa kuwa na miaka kama 2,000. Moja ikakua, na mwaka uliofuata ikatoa ua.

Chukua msasa mkavu au tupa, ishike mbegu kwa koleo, usugue ubavu mmoja. Itatoka vumbi la kahawia. Endelea taratibu mpaka uone kidoa cheupe cha rangi ya maziwa, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Hapo acha mara moja. Ukichimba zaidi utaumiza kiini na mbegu itaoza.

Itie kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, uiweke penye mwanga, na ubadilishe maji kila siku. Kesho yake utaikuta imevimba karibu mara mbili. Kwa joto la pwani, ndani ya siku nne hadi saba gamba linapasuka na kijiti cha kijani kinachungulia kimejikunja. Isiyovimba, isugue tena kidogo. Maji yakinuka, mbegu hiyo imeoza, itupe.

Hatua ya 2: Chombo na udongo

Hata kama una bwawa kubwa, panda kwanza kwenye beseni, kisha beseni ndilo liingie bwawani. Shina la lotasi hutambaa ndani ya tope, na ukiliachia litajaza bwawa lote. Beseni liwe la duara, lisilo na matundu, upana sentimita 50 au zaidi. Nasisitiza duara kwa sababu kwenye chombo chenye pembe, ncha ya shina hujibana konani, na ncha ikivunjika shina hilo haliendelei.

Udongo uwe mfinyanzi mzito, bila samadi na bila mboji. Mara ya kwanza nilinunua gunia la udongo uliochanganywa tayari kwenye bustani moja ya miche. Nilipomimina maji, makumbi yote yaliibuka juu pamoja na miche yangu mitatu, na baada ya wiki maji yalinuka. Siku hizi nachota udongo wa kichuguu, nauponda, naulowesha uwe kama uji mzito.

Hatua ya 3: Kupanda

Subiri mche uwe na majani matatu au manne na mizizi myeupe. Funika mizizi tu kwa tope, majani yaelee. Maji juu ya udongo yaanze sentimita 5 hadi 10, uongeze kadiri majani yanavyopanda. Jua lisipungue saa sita kwa siku. Maji yatulie, chemchemi ya mapambo iwe mbali na mmea.

Hatua ya 4: Mbolea

Usiweke mpaka majani matano au sita yamesimama juu ya maji. Mche mchanga ukilishwa mapema unaungua na kufa. Ukifika wakati, funga kijiko kidogo cha NPK kwenye gazeti, ukizamishe kwenye tope pembeni, mbali na ncha. Rudia baada ya wiki tatu au nne.

Ua kutoka kwenye mbegu mara nyingi huja mwaka wa pili. Hufunguka alfajiri na kujifunga mchana, siku tatu hivi, kisha petali zinapukutika. Jani likikauka, likate juu ya usawa wa maji, maana kikonyo kina mirija ya hewa na maji yakiingia humo yanaozesha shina.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Nairobi, itaota kweli?*
Marahaba mwanangu. Kuota itaota, ila kwa baridi ya Juni na Julai itadumaa. Kwa huko ningekushauri yungiyungi.

*Dukani kwa Wahindi kuna mizizi ya lotasi ya mboga. Naweza kupanda?*
Ile huwa imekatwa ncha na kusafishwa, kwa hiyo haichipui. Ukiipata yenye ncha nzima yenye chipukizi, jaribu.

*Na mbu je? Nimeweka perege.*
Perege watoe, kaka, wanachimba tope na kutafuna machipukizi. Weka gapi, wale samaki wadogo, wanakula viluwiluwi vya mbu. Na kama una watoto wadogo, bwawa lizungushie wavu.

*Vidukari weusi wamejaa chini ya majani. Nipulize maji ya sabuni?*
Hapana dada. Sabuni inaondoa nta ya jani na inaumiza samaki. Wapige kwa maji ya mpira asubuhi, siku tatu mfululizo.

*Yamezidi, naweza kuyapeleka mtoni?*
Usithubutu. Angalia magugu maji yalivyolitesa Ziwa Victoria. Yanayozidi mpe jirani, au yakaushe juani.

*Marehemu mama aliniachia mbegu saba kwenye kopo, zina zaidi ya miaka kumi. Bado zinafaa?*
Pole sana, mwanangu. Kama ni kavu na gamba halijapasuka, zinafaa. Sugua mbili tu kwanza, hizo tano zibaki kwenye kopo mpaka uone jani.