Kabla hujamwachisha mtoto ngano, pima kwanza

Wazazi wenzangu kuna kitu nakiona sana siku hizi, mtoto tumbo linamsumbua, mama kasoma soma mtandaoni kakutana na neno gluteni, kesho yake mkate marufuku nyumba nzima, wiki kadhaa mbele mtoto kachangamka kidogo ndo wanakumbuka kwenda kupima. Majibu yanarudi hana kitu. Na inawezekana kabisa anayo siliaki, ule ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni, ila kipimo hakina tena cha kukamata.

Iko hivi, siliaki sio aleji. Mtoto akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka ya rai, kinga yake inageuka kuushambulia utumbo mwembamba, vile vijinyweleo vinavyofyonza chakula vinalika vinabaki bapa, sasa anakula vizuri tu lakini chakula hakimuingii mwilini. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili zinazotokana na hiyo vurugu, na ukitoa gluteni zinashuka. Kwahiyo la kwanza kabla ya yote, aendelee kula kama kawaida mpaka vipimo vyote viishe. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka gluteni iwepo kwenye mlo zaidi ya mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Kama ulishamwachisha kitambo usimrudishie kimyakimya, ongea na dokta kwanza, wapo wanaoumwa kweli wakirudishiwa, na hapo kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8 kinasaidia maana asipokuwa nazo kabisa siliaki unaweza karibu kuisahau. Akiwa nazo usipige yowe, Ulaya watu kama 30 hadi 40 katika kila 100 wanazo na walio wengi hawaugui maisha yao yote.

La pili andika historia yake kwenye karatasi, kichwani utasahau ukifika mbele ya dokta. Na usiandike kuharisha tu! Wengi wanadhani siliaki ni mtoto kakonda tumbo limevimba anaharisha, kumbe mwingine anafunga choo, mwingine ni mnene, mwingine dalili pekee ni damu kupungua na vidonge vya madini ya chuma amekunywa wee damu haipandi. Mtazame meno ya utu uzima, kama yana madoa au mistari na yanaonekana hayakukomaa vizuri, mwambie dokta. Beba kadi ya kliniki yenye uzito na kimo, ule mstari wa ukuaji uliokuwa unapanda vizuri halafu ukalala unasema mengi kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Afu ulizia ukoo. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto unafika karibu 1 kati ya 10, wakati kwa watu kwa ujumla ni kama 1 kati ya 100. Taja pia kisukari aina ya 1, matatizo ya tezi ya shingo, au kama mtoto ana Down au Turner (hali za kuzaliwa nazo), hivi vyote vinaambatana nayo. Na wale wa "huo ni ugonjwa wa wazungu" waambiwe kwamba kiwango kikubwa sana kiliripotiwa mwaka 1999 kwa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 kwa kila 100.

Siku ya damu hakikisha fomu ina vitu viwili, tTG-IgA, ndiyo kingamwili ya siliaki yenyewe, na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini. Hiyo ya pili inasahaulika kweli, na bila hiyo mtoto ambaye mwili wake hautengenezi IgA ya kutosha atatoka na majibu mazuri ya uongo. Chukua nakala yenye namba, neno "chanya" peke yake halitoshi, kwasababu mwongozo wa madaktari wa matumbo ya watoto Ulaya (ESPGHAN, 2020) unasema tTG-IgA ikifika mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida na damu ya pili ikathibitisha kwa kipimo cha EMA, kingamwili nyingine ya siliaki, mtoto anaweza asiingizwe kamera tumboni kupitia mdomoni wala kukatwa kipande kidogo cha nyama ya utumbo. Ikiwa chini ya hapo kamera iko palepale, muulize dokta mapema habari za dawa ya usingizi na kufunga kula.

Jikoni usiguse kitu bado, ila unaweza kuanza kujifunza lebo. Iliyoandikwa haina ngano inaweza kuwa na kimea cha shayiri, sosi ya soya nyingi zina ngano, na kiwango cha kimataifa cha "haina gluteni" ni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo. Mchele na mahindi havina, shida ni vikisagwa kwenye mashine moja na ngano. Hata ule udongo laini wa kuchezea watoto kuna wa unga wa ngano, na mikono inajulikana inaishia wapi.

Halafu mama aliyejilaumu kwamba alianza kumpa ngano mapema au kwa kuchelewa apumue, tafiti mbili kubwa za 2014 hazikuona kwamba muda wa kuanzisha, au kunyonyesha, unazuia ugonjwa wenyewe. Mwaka 2023 Italia ilipitisha sheria ya kupima watoto wa mwaka 1 hadi 17 hata wasio na dalili, siliaki pamoja na kisukari aina ya 1, mimi naona wamefanya la maana. Kwingine kote wewe ndo wa kuomba, na mtoto akithibitika omba na wadogo zake na kaka zake wapimwe, nao wakiwa bado wanakula mkate wao.